Angalia Mtutu Kwanza

Shabani mwanangu,

Salamu nilikupa leo mchana ulipokuja kupanga nguo zako. Hukuitikia, kwa hiyo siirudii hapa. Ulipita mbele yangu ukitazama chini, ukajaza begi, ukaliacha ukumbini, ukasema utalipitia alfajiri ukienda kupanda basi. Haya. Nimekaa uani, jua bado lipo, naandika. Barua hii nitaisokomeza katikati ya mashati yako, na najua hutaiona mpaka ufike kambini kwa wawindaji wa kigeni. Ndivyo ninavyotaka. Wewe ukikasirika husikii, na mimi nikikasirika napiga kelele, mwisho wanaofaidi ni majirani.

Sitakufundisha kuchemsha maji wala kuchomekea chandarua. Mtu aliyekua kiasi cha kumpiga mkewe amekua kiasi cha kuchemsha maji yake.

Kwanza nikupe habari ambayo hukuiuliza. Zena yuko chumbani kwangu, analalia ubavu wa kulia, maana wa kushoto haulaliki. Muuguzi wa zahanati amesema mimba bado imeshika. Damu imepungua lakini haijakoma. Asinyanyue ndoo, asiiname, asitoke kitandani ila kwenda msalani, tusubiri. Basi tunasubiri. Wewe unafunga safari, sisi tunasubiri.

Yaliyotokea shambani Jumamosi sikuyaona, lakini rafiki yako Idi amenisimulia, akiwa na nyuzi zake pajani. Nguruwe dume alitoka kwenye muhogo, ukamlenga vizuri, ukafyatua. Fataki ya kuwashia baruti ikalia, gobore likanyamaza. Ukaweka fataki nyingine, ikalia, gobore likanyamaza tena. Nguruwe akamfikia Idi na kumpasua paja kutoka gotini kwenda juu, nyama ikaning'inia. Ukamrukia mnyama kwa kitako cha gobore, ukampiga mpaka kitako kikapasuka na yeye akaanguka, na bado uliendelea kumpiga keshakufa. Idi anasema alikuogopa wewe kuliko alivyomwogopa nguruwe. Watu walipofika kumfunga Idi mguu, mmoja akakwambia, "Bunduki haigomi mara mbili bure, kijana. Kaulize nyumbani kwako."

Na wewe ukaja kuuliza.

Zena alikuwa anapeta mchele. Ulisimama mbele yake na damu ya Idi kifuani, ukamwuliza, "Asubuhi ulikuwa wapi?" Akasema, "Kisimani." Ukasema, "Na nani?" Akacheka, mwanangu. Alidhani unamtania, kwa sababu wewe ni mtu wa utani na yeye hajakujua vinginevyo. Ukachomoa mdeki, chuma kile cha kushindilia baruti, ukampiga nao. Nilisikia mlio wa kwanza nikiwa jikoni na sikuelewa ni nini. Nilipofika alikuwa kajikunja amekumbatia tumbo, na wewe unatafuta pa kupiga. Nilishika ncha ya mdeki. Ukanisukuma nikaanguka juu ya kinu. Sikuumia sana. Niliumia kwa kuwa nilikutazama usoni na nikamwona mtu mwingine.

Nimekupenda toka siku niliyokushika, na Jumamosi nilikuogopa. Sikujua kama mtu anaweza kumwogopa aliyemzaa. Sasa najua.

Kilichonikalisha chini nikaandika si hasira lakini. Ni jambo alilonambia Zena jana asubuhi nilipokuwa namkanda mgongo. Kaniuliza taratibu, uso kautazamisha ukutani, "Mama, na nikikubali tu? Nikisema ndiyo, nilikuwa na mtu, si yataisha?"

Nilidondosha kitambaa kwenye maji ya moto.

Mkono wangu wa kushoto, huu ulioungika vibaya, nilikwambia nilianguka kutoka kwenye dungu tulipokuwa tunalinda mpunga. Ulikua ukiamini hivyo. Watu wengine wote waliokuwa Mbwera, ulikozaliwa, wanajua sivyo, wewe peke yako ndiye hujui, kwa sababu nilimsihi baba yako tukahama kule kabla hujapata masikio ya kusikia ya watu. Nilidhani nimekukinga. Kumbe nilikuacha uyabebe mambo ya akina baba yako yakiwa mazima, bila kujua yanachofanya.

Unajua tulivyoambiwa. Mwindaji akiwa porini, mke aliyebaki atulie. Asigombane, asisuke nywele, asilale na mtu. Akikosea, bunduki ya mumewe inagoma, au mnyama anamgeukia. Baba yako Athumani aliliamini hilo kama alivyoamini kwamba maji yanajaa na kupwa. Na alikuwa na lingine la ukoo wao: gobore likishashindiliwa na kusomewa dua halimwagwi. Ukilimwaga umemwaga bahati, basi litabaki na mzigo wake mpaka litakapompiga yule lililojazwa kwa ajili yake.

Mwaka ule kiboko mmoja dume alikuwa anatumalizia mpunga. Wewe ulikuwa unatambaa. Baba yako ndiye aliyekuwa na gobore la kibali upande wetu wa mto, akalijaza, akalisomea, akalitundika kwenye dungu. Mvua ikaanza. Kiboko hakuja siku hiyo, wala iliyofuata, na gobore likaendelea kuning'inia pale likirushiwa maji ubavuni, kila asubuhi chuma kinatoka jasho, mimi nalipangusa. Mimi nimezaliwa na fundi wa magobore. Babu yako pale Kibiti alinilea katikati ya mitutu na vichupa vya baruti, najua harufu ya baruti iliyokula maji. Nikamwambia baba yako, "Baba Shabani, humo ndani pameloa. Litoe ulijaze upya."

Akanambia, "Mwanamke hasemi na bunduki."

Nikaendelea kupangusa chuma. Nilisema mara moja tu, nikaona nimeshasema.

Kiboko akaja asubuhi kweupe, maji yamefika magotini. Baba yako akamwendea pamoja na mdogo wake Bakari, Bakari na mkuki, yeye na gobore. Mimi nilikuwa juu ya dungu nimekupakata. Baba yako alifyatua akiwa karibu mno, karibu ya kutokosa. Fataki ikalia, kamoshi kadogo kakatoka kwenye tundu, basi. Kiboko akageuka akamkamata Bakari kiunoni. Sikujua kama binadamu ana sauti ile. Akamtikisa, akamwachia, akamrudia. Walipomtoa, miguu ilikuwa imeshikwa na ngozi tu, na kila aliyesaidia kumbeba alitoka mwekundu mpaka mabegani. Mpunga pale ulilala wote.

Maiti ilikuwa haijaoshwa baba yako alipoingia ndani na kafi ya mtumbwi. "Jana ulikuwa wapi?" Nikamjibu nilikuwa dunguni, na yeye mwenyewe alinikuta dunguni. "Nani alikuja?" Bibi yako, mama yake, alisimama mlangoni. Hakusimama kumzuia mwanawe. Aliwazuia watu wasiingie, akisema, "Mwacheni, anadai damu ya ndugu yake." Pigo la pili lilivunja mkono. Nilisikia mlio wake kabla ya maumivu, nikafikiri ni kafi iliyovunjika, nikashukuru. Haikuwa kafi. Wewe ulikuwa chini ya kitanda unalia, na nilichokuwa naogopa ni kwamba atainama.

Basi nikakubali. Nikasema ndiyo, mtu yupo. Akasema, "Mtaje."

Nilifikiri haraka, mwanangu, haraka kuliko nilivyowahi kufikiri. Nikimtaja aliye hai, atakatwa mapanga leo hii. Nikamtaja Bakari. Bakari kalazwa ukumbini kafunikwa shuka, nani atampiga tena? Nilijiona nimepata akili kweli kweli.

Baba yako akaiweka kafi chini. Hakumzika mdogo wake. Alikaa nyuma ya nyumba mpaka watu waliporudi makaburini. Na Bakari alikuwa na mke, Mwanaidi, huyo ndiye aliyekupokea wewe ulipozaliwa, akakukata kitovu kwa mkono wake. Alikaa eda watu wakinong'ona ukutani kwake. Eda ilipokwisha wakwe wakampandisha kwenye mtumbwi wakamrudisha kwao Kiongoroni, na kanga alizovaa tu. Kabla hajapanda alikuja akasimama mbele yangu. Mkono wangu umefungwa vijiti, mume wangu yuko nyuma yangu anatazama. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Shoga, kweli?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Baadaye gobore lilipelekwa kwa fundi likafunguliwa, na baruti ikatoka tope tupu. Baba yako alikuwapo, mimi nilikuwapo. Alilitazama lile tope, akamwambia fundi, "Hata hivyo." Neno lenyewe hilo tu. Mtu akishavunja mkono wa mtu, akakosa kumzika ndugu yake, tope halimsaidii kitu, linamsumbua tu.

Sasa nije kwenye gobore lako. Jumamosi ile ile nililiweka nje, mdomo umeelekea pasipo na mtu, nikaliacha mpaka kesho yake. Kisha nikalifungua mwenyewe kama babu yako alivyonionyesha. Nikang'oa gololi, nikang'oa kitambaa, nikafika kwenye baruti. Haikuwa na maji. Ilikuwa na mafuta, nyeusi imeshikana, na inanukia mafuta ya lile kopo dogo uliloleta kutoka kambini msimu uliopita. Ulilisafisha gobore la marehemu baba yako kwa mapenzi, ukalimiminia mafuta ndani kama unavyofundishwa kufanyia zile bunduki za wageni, ukalisimamisha pembeni, kitako chini. Mafuta yakateremka mpaka mwisho wa mtutu. Nawe ukashindilia juu yake bila kulikausha. Fataki zako ni nzima, zote mbili ziliwaka, moto ulifika. Ulikuta uji.

Hiyo ndiyo siri ya gobore lako. Zena alikuwa kisimani. Sikulifungua gobore ili nijue kama Zena alikuwa kisimani, hilo nililijua. Nililifungua kwa ajili yako, kwa sababu najua hutaniamini mimi wala yeye, lakini mafuta utayaamini. Na hilo linaniuma vile vile. Baruti ingekuwa kavu, kila kitu kiwe sawasawa na gobore ligome tu bila sababu ya kuonekana, bado hukuwa na haki ya kumnyanyulia mkono.

Gobore nimelipeleka kwa mtendaji na kibali chake. Usimwulize mtu, ni mimi.

Wewe unakwenda mahali pa bunduki kubwa. Umenisimulia mwenyewe, jioni zile tulizokuwa tunakula pamoja, jinsi mgeni anavyokaa mezani akijaza risasi zake kwa mkono, mizani ndogo mbele yake, anapima baruti punje kwa punje ili ampige nyati toka mbali kama hapa na msikitini. Ukanambia msimu huu utakuwa msaidizi wake, utasafisha maganda, utakagua. Ulinifurahisha. Nilisema moyoni, babu yake karudi.

Basi sikiliza. Risasi iliyojazwa na mkono wa mtu siku moja itagoma. Ganda litakuwa na ufa shingoni na hukuliona. Fataki itakuwa haijakaa mpaka chini. Baruti itakuwa pungufu, risasi itoke kwa uvivu na kubaki katikati ya mtutu, halafu mtu mwenye papara asukume nyingine nyuma yake, bunduki impasukie usoni. Wewe ndiye uliyeniambia haya, najifanya mwalimu tu. Nyati atakuja, mwanangu, na atamkuta mtu. Utasikia sauti ile niliyoisikia mimi. Na baada ya pale watu wote watakuwa wanatafuta wa kumshika, na wewe mikono yako itakuwa inawasha, maana nimeiona inavyowasha.

Siku hiyo kaa chini. Fungua, angalia mtutu, angalia ganda, angalia kiganja chako mwenyewe. Ulinisimulia yule mgeni alivyomkosa nyati akaudhika, akarudi kambini hakusema na mtu, akazivunja risasi zote alizobaki nazo na kuzipima upya moja moja. Hebu niambie, ulimsikia akipiga simu kwao kuuliza mkewe alikuwa wapi?

Tulicheka sana siku ile kwa jinsi ulivyomwigiza. Sasa sicheki.

Na jingine, hili ni la baba yako. Unajua alikufa kwa bunduki, hujui ilivyokuwa, nilikwambia tu Mungu kapanga. Alikwenda kuwafukuza nguruwe, gobore likanyamaza. Baruti mbovu wakati mwingine hainyamazi, inachelewa. Moto unatambaa. Mtu anatakiwa atulie na mdomo wa bunduki uelekee mbele, asubiri, hata akijiona mjinga asubiri. Baba yako hakusubiri. Aliliteremsha, akaliinamia, na aliyekuwa naye anasema alikuwa ananitukana. Jina langu na jina la Bakari. Likalia chini ya kidevu chake. Walinitaka nije nimtambue, na nilimtambua kwa kikoi.

Hakuwa mtu mbaya siku zote. Alijua kuimba akipiga kasia, na nilipougua alinibeba mgongoni mpaka kwenye boti. Nakwambia hili kwa sababu wewe pia si mtu mbaya siku zote, na nimeona mtu wa namna hiyo anavyoishia.

Ulipokuwa darasa la tatu uliniuliza kwa nini baba anakutazama vile, halafu anatazama pembeni. Nikasema amechoka na kazi. Uliniuliza kwa nini hakubebi begani kama baba yake Idi anavyombeba Idi. Nikasema mgongo unamuuma. Alikuwa hana mgongo wala uchovu, mwanangu. Alikuwa anamtafuta Bakari usoni mwako. Kila siku, akila, akinywa chai, wewe ukimwonyesha daftari lako la hesabu, yeye anakagua pua, anakagua masikio. Na mimi nakaa pale napakua wali, naona. Nilikuwa na miaka ya kumwambia. Kila siku nilisema nitamwambia kesho akiwa ametulia, na kila alipotulia niliogopa kumtibua. Neno nililolitupa ili kafi ishuke lilishuka likakaa juu yako wewe.

Ndiyo maana Zena nilimjibu usikubali. Nikamwambia hata arudi na chuma kingine, usikubali, mimi nitapiga kelele mpaka Kibiti wasikie. Akaniuliza, "Na asiponiamini?" Nikasema asipokuamini hilo ni lake mwenyewe, wewe usimpe neno la kuondoka nalo.

Sikukatazi kwenda. Nenda, kazi umeipata kwa akili yako. Ila kurudi ndani ya nyumba hii si juu yako tena, wala si juu yangu. Ni juu ya Zena. Akisema uje, nitakupigia simu mwenyewe na nitapika. Akisema usije, mshahara tuma kwa simu, na sikukuu ukalale kwa Idi. Akisema anataka kwenda kwao, nitampeleka na nitakaa naye mpaka ajifungue, kama Mungu atajaalia ajifungue. Nimeliandika hili, nikaacha, nikaenda kuchota maji ambayo sikuyahitaji, nikarudi, na bado ndivyo ninavyosema.

Wewe ni mtoto wa Athumani. Sikuwahi kulisema kwa mdomo wangu mbele ya mtu yeyote, na yeye alikufa hajui. Huyu aliye tumboni mwa Zena ni wako, na wewe umeambiwa ungali hai.

Mama yako